Usiandike "clean": kuweka Windows upya bila kupoteza vitu vya D

SWALI: Fundi, habari yako. Nina saiba ndogo Kahawa West. Mashine ninayoitegemea ni laptopu ya HP niliyonunua mtumba, zile zinazotoka Uingereza, yenye diski ya GB 500. C ni GB 97 na imejaa pomoni. D ni GB 367, na humo ndimo mna picha za harusi za wateja na skani za miaka mingi. Siku hizi imekuwa nzito mpaka wateja wananuna. Nilitengeneza flashi ya Windows 10 ili nifomati C peke yake, lakini nilipofika pa kuchagua diski ikagoma, ikasema diski ina jedwali la MBR na kwamba mashine ya EFI inataka GPT. Kijana wa duka la jirani ameniambia nibonyeze Shift na F10, niandike diskpart, kisha clean, kisha convert gpt. Je, nimfuate? D itabaki salama? Na ninaweza kuipunguza D nikaiongezea C nafasi?

JIBU: Dada, usiandike clean. Amri hiyo haijui C wala D. Inafuta jedwali zima la diski uliyoichagua, yaani daftari linaloonyesha kila sehemu inaanzia na kuishia wapi, na picha za harusi zinaondoka pamoja na Windows mbovu. Kijana hajakudanganya, maana ukifuata maagizo yake Windows itakubali kuingia bila ubishi. Ila hayo ni maagizo ya diski tupu, na yako si tupu.

Diski moja yenye C na D ni kama duka moja la Moi Avenue lililokatwa kwa mbao likawa vibanda viwili vya eksibisheni. Kufomati C ni kumtoa mpangaji wa kibanda kimoja na kupiga deki, jirani yake akiendelea kuuza. Clean ni kung'oa mbao zote na kuchana daftari la wapangaji.

Kama umeshaiandika kabla barua hii haijakufikia, usiendelee na hatua yoyote. Usitengeneze partisheni mpya (yaani sehemu ya diski, kama C au D), usifomati, zima mashine. Kwenye diski ya kawaida ya kuzunguka, clean hufuta daftari tu, na mafaili yenyewe yanabaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Diski ikitolewa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine, programu ya bure iitwayo TestDisk mara nyingi huweza kuzitafuta partisheni za zamani na kuzirudisha. Kwa amri ya clean all hakuna la kurudisha, kwa sababu hiyo huandika sifuri diski nzima. Na kwenye SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, matumaini ni madogo hata kwa kufomati kwa haraka, kwa kuwa Windows huiarifu SSD kwamba nafasi ile sasa iko huru, nayo hujifanyia usafi wake yenyewe.

Sasa turudi kwenye lile kosa. Halisemi kwamba diski yako ni mbovu. Mashine za umri huo zinajua kuwaka kwa njia mbili: ile ya zamani, iitwayo Legacy, inayotumia diski za MBR, na ile mpya, UEFI (ndiyo EFI ya ule ujumbe), inayotaka GPT. MBR na GPT ni aina mbili za lile jedwali la diski. Aliyekuwekea Windows mara ya kwanza alitumia njia ya zamani. Wewe juzi, bila kujua, uliiwasha flashi kwa njia mpya. Ndiyo maana diski ileile inayobeba Windows yako kila siku ikaonekana haifai. Dawa ni kuiwasha flashi kwa njia ya zamani, na diski huigusi kabisa.

Hakikisha kwanza. Ukiwa ndani ya Windows yako ya sasa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha tafuta mstari wa "BIOS Mode". Ukisoma "Legacy", basi mambo ni kama nilivyosema. Zima mashine, iwashe huku ukigonga Esc mfululizo, halafu F9. Kwenye HP nyingi za biashara orodha itakayotokea ina makundi mawili, la UEFI juu na la Legacy chini, na flashi yako inaweza kuonekana katika yote mawili. Chagua ile ya chini. Kama kundi la Legacy halipo, ingia kwa F10 badala ya F9, utafute "Legacy Support" na uiruhusu. Ukitoka, baadhi ya HP zitakuonyesha tarakimu nne kwenye skrini nyeusi na kukutaka uziandike kisha ubonyeze Enter. Watu wengi hudhani ni virusi na kuzima mashine. Si virusi, ni HP inayotaka kujua kama kweli wewe ndiye uliyebadilisha.

Na kama flashi haionekani upande wa Legacy, tatizo ni jinsi ilivyotengenezwa. Ile ya programu ya Microsoft yenyewe huwaka kwa njia zote mbili. Ukiwa ulitumia Rufus, programu nyingine ya kutengeneza flashi, ukachagua GPT, irudie kwa MBR. Flashi iwe ya GB 8 kwenda juu, na chochote kilichomo kitafutwa.

Mtu atakuambia kuna amri ya mbr2gpt inayobadilisha diski bila kupoteza kitu. Ipo, ni ya Microsoft, na inafanya kazi, lakini ina masharti: diski isiwe na partisheni kuu zaidi ya tatu, na isiwe na partisheni ya aina ya "extended", yaani ile inayobeba sehemu nyingine ndani yake. Diski nyingi zilizogawanywa madukani zina D iliyowekwa ndani ya hiyo extended, na hapo amri inakataa. Isitoshe huihitaji. Ukomo wa MBR ni TB 2, nawe una nusu ya TB moja.

Kabla hujafomati chochote, jua kinachoondoka. Watu wa saiba wana ugonjwa mmoja: kila kitu kinawekwa kwenye Desktop. Barua ya mteja, fomu ya KRA, picha ya pasipoti, vyote vimetapakaa kwenye skrini ya mbele, na kwa kuwa vinaonekana "juu" mtu hudhani haviko C. Desktop ni C. Documents ni C. Downloads ni C. Manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye Chrome nayo yako C, isipokuwa kama umeingia kwa akaunti ya Google na kuyaoanisha. Fungua C, kisha Users, kisha folda yenye jina lako, uikague polepole. Fomu za Excel za iTax ulizowajazia wateja pengine ziko Downloads, maana ndiko zinakoshukia.

Usiziburute tu hadi D ukaona umemaliza. D iko kwenye diski ileile, ukikosea mstari mmoja kwenye ile skrini ya kuchagua, vyote vimeenda. Azima au nunua diski ya nje, unakili D yote pamoja na hizo folda za C. Ikiwa diski hiyo ya nje imefomatiwa kwa FAT32, faili lolote la kufika GB 4 litakataliwa, na video za harusi hufika huko bila shida. Ifomati kwa exFAT au NTFS kabla hujaanza, kama haina kitu. Ukimaliza kunakili, ipeleke kwenye kompyuta nyingine, ufungue picha kadhaa na video moja ya mwisho wa orodha. Nakala ambayo haijafunguliwa mahali pengine mimi siihesabu.

Kabla hujaanza kunakili, jibu pia swali ambalo hukuuliza: je, uzito wa mashine ni Windows au ni diski yenyewe? Weka programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Ikionyesha buluu na neno "Good", endelea. Ikionyesha njano na "Caution", hasa kwenye mistari ya sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa, diski inaanza kufa. Hapo kufomati hakutaiponya. Nakili vya thamani kwanza, picha za wateja ambao bado hawajachukua kazi yao zikitangulia, na uache hadithi ya kuweka Windows kwenye diski hiyo.

Tuseme diski ni nzima. Kuna jambo dogo la kufanya ukiwa bado ndani ya Windows, nalo linaokoa watu: ipe D jina. Bofya D kwa kitufe cha kulia, chagua Rename, andika USIGUSE. Kwenye skrini ya kuweka Windows hakuna herufi C wala D. Kuna "Drive 0 Partition 1", "Partition 2" na kuendelea, zikifuatwa na jina, ukubwa na nafasi iliyobaki. Mtu aliyechoka saa nne usiku akitazama namba hizo anaweza kubabaika, lakini neno USIGUSE kwa herufi kubwa halibabaishi. Na kama siku moja utafungua ule ukurasa mweusi wa amri, usiziamini herufi zake, maana kule ndani D yako inaweza kuonekana kama C.

Weka betri au chomeka chaji, ikiwezekana vyote viwili. Chagua "Custom", usichague "Upgrade". Katika orodha utaona sehemu ndogo ya MB mia hivi au mia kadhaa, iitwayo System Reserved. Iache ilivyo. Utaona ile ya GB 97. Utaona USIGUSE. Bofya ya GB 97 mara moja ili ipate rangi, kisha bonyeza "Format". Soma onyo, hakikisha rangi bado iko pale pale, kubali. Ndani ya sekunde chache nafasi tupu itakaribia GB 97. Ukiona imechukua sekunde chache tu usishtuke, ni fomati ya haraka, inaandika daftari jipya bila kupitia diski nzima. Ukiwa bado umechagua sehemu hiyo, bonyeza "Next".

Kitufe cha "Delete" kilicho pembeni ni kitu kingine. Format husafisha sehemu na kuacha mipaka yake. Delete huondoa mipaka yenyewe, na nafasi inabaki ikiitwa "Unallocated". Kwa C peke yake haina madhara, Windows itaitengeneza tena. Kwa D ni msiba.

Kama moyo hautulii kuhusu vilivyomo C, unaweza hata kutofomati. Chagua ile ya GB 97, bonyeza Next, nayo itakuonya kwamba vya zamani vitahamishiwa kwenye folda iitwayo Windows.old. Ukimaliza, unaingia humo unachota ulichosahau. Lakini C yako imejaa, kwa hiyo kwanza ungelazimika kuhamisha vitu vingi ndipo Windows mpya ipate pa kukaa.

Kuhusu kuipunguza D ili kuiongezea C, hapa ndipo wengi hupotezea wikendi. Hiyo GB 97 haikutoka mbinguni, fundi wa kwanza aliandika 100000 kwenye kisanduku cha MB, na MB 100000 ukigawanya kwa 1024 unapata GB 97 na ushee. Miaka hiyo ilitosha. Sasa ukifungua Disk Management, sehemu ya Windows ya kugawa diski, ukabofya D na kuchagua "Shrink Volume", nafasi itapatikana kweli, lakini itatokea mwisho wa D, upande wa kulia. C iko kushoto. Windows huongeza sehemu kwa nafasi iliyo ubavuni mwake wa kulia tu, na kati ya C na nafasi hiyo amesimama D mzima. Ndiyo maana "Extend Volume" inabaki ya kijivu hata ubonyeze vipi.

Zipo programu za kuisogeza D, kama GParted. Kusogeza maana yake ni kunakili kila kilichomo D kwenda mbele kidogo, saa kadhaa kwa diski ya kuzunguka, na stima ikipotea katikati na betri yako ni ya mtumba, D inabaki nusu huku nusu kule. Mimi sifanyi hivyo kwenye mashine ya mteja asiye na nakala. Na akiwa na nakala, sioni sababu ya kusogeza. Ukiwa na nakala uliyoijaribu kwenye kompyuta nyingine, njia ni fupi: kwenye ile skrini futa C na D zote mbili kwa Delete, bonyeza "New", andika 153600, hiyo ni GB 150 kamili, ufanye hiyo kuwa C. Nafasi inayobaki ifanye D baadaye, kisha urudishe vitu vyako.

Ukiwa huna nakala ya D, mipaka ibaki ilivyo. GB 97 zinatosha Windows na programu za saiba, mradi kazi za wateja zisikae humo. Windows ikishakaa, bofya Documents kwa kitufe cha kulia, Properties, kisha kichupo cha "Location", uielekeze kwenye folda mpya ndani ya D. Fanya vivyo hivyo kwa Downloads na Desktop. Kuanzia hapo, hata mfanyakazi wako akiendelea kutapakaza mafaili kwenye Desktop, yanaangukia D.

Hata hivyo ungekuja kwangu na mashine hiyo, nisingekushauri hata kidogo kati ya haya. Ningekuambia ununue SSD ya SATA ya inchi 2.5, ya GB 240 au 256, uulizie bei Luthuli na Moi Avenue katika maduka mawili matatu kabla hujalipa. Ukiona 256 inasomeka 238 usidhani umeibiwa: kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1024, na ndiyo sababu hata GB 500 zako husomeka 465. SSD inaingia ndani, diski ya zamani inatoka na kuwekwa kwenye kasha la USB, na D yako inabaki nzima bila kuguswa wala kufomatiwa. Tofauti ya mwendo utaiona siku hiyohiyo, kwa sababu kwenye laptopu za umri huo diski ya kuzunguka ndiyo inayochelewesha karibu kila kitu. Na hapo kwenye SSD tupu ndipo maagizo ya jirani yako yanapofaa, ingawa hata huko si lazima: Windows ikiona diski isiyo na kitu hujigawia yenyewe. Hakikisha tu ile ya zamani haijachomekwa wakati huo.

Kuhusu Windows 10 yenyewe, Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza wa viraka vya usalama kwa watumiaji binafsi unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Wateja wanaandika manenosiri ya eCitizen na iTax kwenye mashine yako, kwa hiyo jiunge na mpango huo mara Windows ikikaa. Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kuwaka kwa UEFI. Tazama kibandiko au msinfo32. Kama HP yako ni ya kizazi cha 8 na unanunua SSD, nenda moja kwa moja kwenye Windows 11 kwa njia ya UEFI, usirudi nyuma.

Leseni isikusumbue. Kama Windows ya sasa imewashwa kihalali, usajili wake umefungwa kwenye ubao mama, na ukiweka toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, utajitambua ukipata intaneti. Ikikuuliza namba, chagua kwamba huna. Office ni habari nyingine, andika akaunti iliyotumika kuisajili kabla hujafuta chochote. Pakua pia draiva ya Wi-Fi, programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia Wi-Fi, kutoka tovuti ya HP ukaiweke kwenye diski ya nje, kwa sababu Windows mpya isiyoona mtandao haiwezi kujitafutia hata draiva yenyewe.

Ukishawasha, mambo matatu yatakutisha bure. La kwanza, D inaweza kuonekana kama E, hasa kama laptopu ina sehemu ya DVD iliyonyakua herufi. Ingia Disk Management, ipe DVD herufi nyingine, kisha rudisha D kwa mwenyewe. La pili, programu ulizokuwa umeweka ndani ya D hazitafunguka au zitalalamika, maana maelezo yake yalikuwa ndani ya Windows ya zamani. Ziweke upya, mafaili yake hayajaenda popote. La tatu, folda fulani za D zitasema huna ruhusa, kwa kuwa zinamtambua mtumiaji wa Windows iliyofutwa. Bonyeza "Continue" na uiache ifanye kazi yake. Kwenye folda yenye picha elfu kadhaa ule mstari wa kijani utatambaa muda mrefu, usiukatishe.